Saa Mbili ya Usiku

Sharjah, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho.
Kiyoyozi kinang'ata vifundo vya miguu.
Wilondja amevaa shati la kuazima,
vidoleni ana weusi wa matairi ya Sanaiya,
weusi usiosikia sabuni.

Mezani, karatasi: ombi la hifadhi limekataliwa.
Sababu, aya ya sita:
mwombaji anajipinga mwenyewe.
Kwanza alidai walivamia saa nane, usiku wa manane.
Baadaye akadai saa mbili, baada ya isha.
Asiyejua saa ya moto wake hakuuona moto.

Aya hiyo naijua
kama mpishi anavyolijua jiwe
alilolisahau mchelani.

Kikao cha kwanza, miezi kumi na tisa nyuma,
mkalimani alikuwa mimi, Zamzam binti Hilal.
Alisema, "Balikuja saa mbili ya usiku."
Nami, mtoto wa Rustaq,
niliyekuzwa na saa ya redio ya Maskati,
mbili yake nikaifanya mbili yao
bila hata kupepesa.
Karani akaandika. Muhuri ukagonga.
Saa sita za mtu zikaanguka katikati ya ndimi mbili,
hakuna aliyezisikia zikivunjika.

Mama yangu alizaliwa Wete.
Saa yetu ilikaa juu ya friji;
mshale ukigusa nane, yeye alisoma mbili.
Nikamcheka. Mama, hujui saa!
Akasema, huku anakuna nazi:
"Siku yangu inaanza na jua.
Yenu inaanza gizani, watu wamelala.
Inaanza kufanya nini?"
Nikamsahihisha. Kila siku nikamsahihisha,
hata akaacha kuitazama,
mwaka wake wa mwisho akiuliza tu:
adhana imetoka?

Sasa jaji anainua miwani.
"Anaweza kueleza tofauti hii?"
Naligeuza swali. Naliweka mbele ya Wilondja
kwa uangalifu, kama chai ya moto.

"Batoto balikuwa banakula," anasema.
"Bugali ilikuwa bado na moshi.
Ni nani anakulaka usiku katikati?"

Nikawabeba watoto, nikaubeba ugali,
moshi wake nao nikaubeba.
Nikafika mwisho wa sentensi
na sentensi haikutosha.

Kanuni ya kazi hii naijua, niliapa kwayo:
mkalimani ni bomba,
na bomba haliongezi maji.
Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

"Mheshimiwa, naomba kusema kwa sauti yangu."
Kalamu ya karani ikasimama.
Wakili akanitazama kana kwamba kiti kimesema.
"Kosa la aya ya sita ni langu.
Huyu mtu hajawahi kubadilisha saa.
Niliyeibadilisha ni mimi."

Sikumbuki yote yaliyofuata.
Nakumbuka jaji akitazama saa yake ya mkononi,
muda mrefu, kama aliyepewa leo.
Nakumbuka koo langu,
kavu kuliko bonde la Rustaq kiangazi.

Nje, kwenye ngazi, Wilondja hakushukuru.
"Umesema nini mule?
Umesema mengi kunipita mimi."
Nikamweleza, kwa lugha yake, polepole,
nikitafuta pa kuweka macho.
Akanyamaza. Akazitazama kucha zake.
"Kumbe mwaka muzima na zaidi
nilikuwa mwongo juu ya saa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tarehe:
hukumu siku ya kumi na saba,
saa tatu asubuhi.

Akakunja uso.
"Tatu ya kwenu ama tatu ya kwetu?"

Nikaigeuza barua ya wito upande mweupe,
nikamchorea duara, mishale miwili,
na juu yake, kwa mkono unaotetemeka,
jua.