Sifuri

Ghorofa ya tatu, Ngara, saa nane ya usiku.
Nimebaki mimi, feni na ramani.
Ramani haina harufu.
Hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Kule Mukuru kidole cha Nyanchama kinabonyeza simu,
huku kwangu nukta inaota, nyekundu,
kama chunusi kwenye paji la uso.
Ameandika kwa ubahili, kila herufi ni senti:
"3. Mmoja mtoto. Maji ya mchele."
Asiyejua atadhani ni mapishi.
Anayejua huinuka kitini.

Dakika kumi, wawili zaidi.
Kabla ya adhana ya alfajiri, kumi na wanne.

Zamani (niliyakuta makabrasha stoo, yametafunwa na mende)
habari ya kuhara ilipanda ngazi kwa miguu:
zahanati hadi tarafa, tarafa hadi wilaya,
muhuri juu ya muhuri,
ikafika wizarani wiki ya tatu, imevaa vizuri,
na wenyewe walioandikwa wamekwisha kuzikwa.

Sasa habari ina mbio kuliko ugonjwa.
Karibu.
Naomba iwe hivyo.

Nukta hazikutawanyika ovyo. Zilijaa
kama siafu kwenye mfupa,
na mfupa ulikuwa bomba moja la maji
nyuma ya kiwanda cha misumari.
Mwenye bomba: Mutheu Nzilani. Mtungi, shilingi tano.

Nikaandika: Fungeni.
Serikali nzima ikapita kwenye ncha ya kidole changu.

Asubuhi nikashuka kujionea.
Mutheu amesimama mbele ya kufuli jipya, mikono kiunoni.
"Ni wewe mtu wa kompyuta?
Maji haya nimeyanywa tangu mwaka wa mvua kubwa.
Kompyuta yako iliniona wapi?"
Sikuwa na jibu ambalo wanawe wangeweza kulila.

Fundi akachimba.
Mpira wa maji, umeungwa kwa ukanda wa tairi,
umelala katikati ya mtaro wa choo,
umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Mutheu akachuchumaa, akautazama kitambo.
Hakulia. Alianza kuhesabu kwa vidole
nani alinunua, siku gani, mitungi mingapi,
na orodha yake ilikuwa kamili kuliko yangu.
Wanne hatukuwa nao.
Wawili kati yao tuliwakuta wakiwa bado na macho ya kufumbua.

Mkubwa alitaka majina yaonekane kwenye skrini ya ukutani,
wageni wanakuja, wapige picha.
Nikampa nukta.
Jina la mtu si pambo la ukuta.

Wiki ya pili. Jumatatu, watano. Jumanne, mmoja.
Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna.
Ofisini wakapeana mikono, chai ikaja na mandazi.
Mimi sikuweza kumeza.
Kimya kina mama wawili:
kimya cha kupona, na kimya cha simu iliyozimika,
na juu ya ramani wanao hufanana kama mapacha.
Nikampigia Nyanchama. Yule mama wa kwenye mtambo
akaniambia, kwa adabu yake ileile, kwamba mteja hapatikani.
Nikampigia tena. Adabu ileile.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo, skrini ikapepesa.
"0."

Shuleni tulichapwa kwa yai kama hili.
Leo nimeliinamia kama kuku anayeatamia,
naogopa hata kupumua,
lisije likavunjika likatoa namba.

Kisha ujumbe wa pili:
"Stima ilipotea siku mbili. Nimezunguka nyumba zote,
tisini na sita, kwa miguu. Wote wanakula ugali.
Na ile pesa ya bando ya mwezi wa tano, mlisahau?"

Hatukusahau, Nyanchama.
Ombi lako nililipeleka wizarani, na muhuri.
Linapanda ngazi.
Kwa miguu.