Mara Sitini

Muuzaji wa Mtaa wa Condell alinipangia kamera tatu
kama mchuuzi wa samaki anayejua yupi amelala.
Ya kwanza lenzi zake hubadilishwa.
"Hii ni ya watu makini," alisema, akanitazama viatu.
Nikahesabu: lenzi nne, mkoba, bei,
na mgongo wangu huu
uliokaa miaka thelathini na mmoja ndani ya kreni ya bandari.
Ya pili ilikuwa nyembamba kama biskuti,
haikuona kilicho ng'ambo ya kaunta.
Ya tatu, nono, lenzi moja isiyong'oka,
lakini ukiigusa pua yake hutoka, ikatoka tena,
konokono aliyesikia mvua.
"Mara sitini," alisema. Kisha, kwa aibu kidogo:
"Gizani haifai kitu, Don Nolberto. Nakuambia mapema."
Nikainunua kwa sababu hiyo.

Wiki ya kwanza nilipiga mitetemo.
Meli zilitoka kama supu,
mwezi kama yai lililoanguka sakafuni.
Hakuna aliyeniambia kwamba ukikivuta kitu cha mbali
na mapigo ya moyo wako hukuzwa mara sitini.
Nikajifunza: kiwiko ukutani, pumzi nusu,
kidole kisibonyeze, kiminye,
kama mtu anayepima parachichi la mwenzake.
Nikajifunza kutovuka ule mstari wa njano kwenye skrini;
ng'ambo yake kamera haioni tena, inabuni,
inakopa rangi kwa jirani
na kukuuzia, ati ni uso.

Goti langu limezikataa ngazi za kilima cha Mariposas,
basi mji ukapanda kwangu, kipande kwa kipande.
Mbwa juu ya paa la bati, anapiga miayo.
Lifti ya mteremkoni imekwama,
abiria mmoja anamenya chungwa bila haraka.
Mtoto anaficha daftari chini ya pipa.
Alhamisi niliitafuta kreni namba saba,
nikaivuta hadi kioo cha kibanda kikajaa:
binti wa watu, kitambaa chekundu kichwani,
miguu juu ya dashibodi, pale pale
palipochubuka rangi kwa visigino vyangu.
Sikupiga.
Kisha nikapiga.

Na ng'ambo ya korongo, Otilia Bahamondes
akianika nguo. Miaka kumi na mmoja
tunasalimiana kwa kuinua mkono tu.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, sawa;
jicho la mbali je? Halibishi hodi.
Niliona vibanio viwili kati ya meno yake,
plasta kidoleni,
nikaona shati la marehemu Eleuterio
limefuliwa, limenyooshwa kola kwa kiganja,
na midomo yake ikiliambia jambo.
Nikaishusha kamera kama niliyeshika sufuria ya moto.
Picha ilikuwa imeshaingia kwenye kadi.

Jumamosi jua liliipiga lenzi, ikamulika.
Otilia aliganda. Akaingia ndani.
Nikajua nimekwisha.
Akarudi na foronya, akaitundika kwenye kamba,
maandishi ya rangi ya mdomo, makubwa, yamepinda:
NIMEKUONA. LETE NAKALA.

Ngazi mia mbili na kumi na nne kushuka,
mia moja na tisini kupanda upande wake.
Goti lilinitukana kwa kila lugha ya mabaharia.
Nilimpa bahasha nikiwa bado mlangoni,
maneno ya kuomba radhi yamenikauka kooni.
Aliitazama picha ile muda mrefu,
akaweka kidole ukingoni, penye plasta.
"Umemkata mkono," alisema.
Nikatazama. Kweli, mkono wa kushoto wa shati
ulikuwa umebaki nje ya picha.

"Rudia kesho, nitalianika tena.
Lakini usimame hapa."

Kesho yake pua ya lenzi haikutoka.
Shati lilipepea, likanigusa bega.
Namba kwenye skrini ilisoma:
mara moja.