Kamba ya Bi Ishbel

Tisa. Nawahesabu kila tunaposhuka kwenye kosta,
nawahesabu tena kabla Sechonge hajapiga honi,
maana ofisi yetu ya Barabara ya Nane
haikaripii mtu: inakata mshahara kwa kichwa.

Siku ya kwanza, Kisiwa cha Toten. Makaburi, magofu.
Mwenye kofia ya sufu akauliza nani kalala wapi,
nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua.
Siku ya pili, mapango ya Amboni:
nikawaambia njia ya chini inatokea Mombasa,
mimi ambaye sijawahi kupita pale popo wanapoanzia.
Wakaandika. Wageni hawa huandika kila kitu,
hata bei ya mihogo, hata jina la mbwa wa mlinzi.

Ni Waskoti. Wanasema visiwa vyao
vina kondoo wengi kuliko watu,
na mvua yao ina majina mengi kama watoto wa ukoo.
Nikawapa na za kwetu: manyunyu, rasharasha,
vuli, masika, na mchoo,
ile inayoingia bila hodi nguo ziko kambani.

Siku ya tatu ratiba inasema:
*shamba la mkonge, dakika arobaini, picha.*
Tukasimama Pongwe. Nikaanza somo nililokariri,
tani, meli, miaka.
Hapo Bi Ishbel, sabini na nane, magoti mabovu,
akafungua mkoba akatoa kipande cha kamba,
urefu wa mkono, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Babake alifungia majani makavu ya ng'ombe wa baridi,
alifungia lango,
alifungia suruali mwaka mkanda ulipokatika.
Kwenye kibandiko cha robota palikuwa na neno moja
na yeye, mtoto, akajifunzia kusoma: TANGA.
Alidhani ndilo jina la kamba.

Nikamwambia ni mji. Nikamwambia ni kitenzi pia,
anayetanga ni yule asiyejua atalala wapi.
Nikaona bado sijamjibu.
Sechonge, nikasema, kata kushoto nyuma ya msikiti,
twende kwa mama.

Mama alikuwa anachambua mchicha.
Miaka ishirini na sita alisimama korona
akipiga singa brashi, hadi kikohozi
kikawa ndiyo saa ya nyumba yetu.
Vidole viwili havikunji.
Mkeka ukatandikwa, visheti vikatoka, viatu jozi tisa mlangoni
kama tuna hitima.
Bi Ishbel akampa kamba kwa mikono miwili.

Nilijiandaa kutafsiri kilio.
Nilishapanga maneno: udugu, kumbukumbu, bahari.
Mama akainusa.
Akaifumua ncha, akavuta singa moja kwa meno,
akainyoosha kwenye mwanga wa mlango.
"Daraja la tatu," akasema.
"Na haikuanikwa ikakauka. Mvua iliwakuta uwanjani.
Msimamizi alikuwa nani?"

Nikatafsiri vilevile, ningefanyaje.
Bi Ishbel akacheka mpaka akashika ukuta:
babake alilalama hivyohivyo, kamba inakatika,
kamba inaoza, hata barua alimwandikia mwenye duka,
na mwenye duka hakujibu.
"Mwambie babake," akasema mama, akirudia mchicha wake,
"malalamiko yamefika."

Yule mzee kafa zamani. Hilo sikulitafsiri.

Saa tisa tunatakiwa chemchemi ya maji ya moto.
Kwenye kosta nikahesabu: nane.
Nikahesabu tena, kwa kidole. Nane.
Nikarudi mlangoni.
Wamekaa chini wawili, miguu wameinyoosha,
mama kaipandisha kanga juu ya goti
anaisokota upya ile kamba kwenye paja,
anamwonyesha mwenzake, anaifumua,
anampa ajaribu, anampiga kofi la mkono: siyo hivyo.
Hakuna aliyeniita nitafsiri.

Tisa, nikaandika kwenye fomu.
Sechonge akazima injini.