Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mhariri kanipa maneno mia tatu na siku nne.
Kitabu nimekinunua mwenyewe, Barabara ya Moi,
shilingi elfu moja na mia nne, jalada gumu:
mwandishi ana miaka sita, kaptula nyeupe, baiskeli,
ua wa nyumba yao, Lavington.
Ukingoni mwa picha, mkono umeshikilia kiti asianguke.
Mkono tu, kovu la pasi juu ya gumba.
Mchapishaji amekata hapo.

Nilikisoma jikoni, Umoja,
tokeni za stima zikiyeyuka huku naziona.
Niseme haki: kijana anaandika.
Sentensi zake zimefuliwa, zimepigwa pasi, hazina kunyanzi.
Ile sura ya baba aliyefutwa kazi
na bado anafunga tai kila asubuhi
niliirudia mara mbili, ugali ukashika sufuria.
Pembeni nikaandika kwa penseli: naam.

Kisha ukurasa wa mia na kumi na mbili.
“Tulikuwa na yaya. Alipenda kuimba akipika.
Sikumbuki aliondoka lini.”
Nukta. Aya mpya: mbwa.
Mbwa ana jina.
Mbwa ana kurasa nne.

Mimi mtoto huyu nilimjua kwa masimulizi,
Jumapili moja kwa mwezi,
mama akivua viatu mlangoni pa nyanya, Kawangware:
hali yai mpaka kiini kitolewe,
radi ikipiga anaingia ndani ya kanga yangu.
Kanga hiyo mimi sikuwahi kuilalia.
Kaptula nyeupe ilipombana
niliivaa mimi, msichana, darasa zima likacheka.

Jana nimemsomea mama.
Alisikiliza, miwani mkononi.
“Kuimba? Nilikuwa nahesabu.”
Ukihesabu nini?
“Karo yako.”
Akanyamaza kidogo, akachambua sukuma mbili tatu.
“Bado anaogopa radi?”
Nikasema kitabu hakisemi.
“Basi hakijaisha.”

Usiku nikaandika.
Nikaisifu lugha, nikamsifu baba na tai yake,
sikumwonea mtu, nadhani.
Mbwa nikamfuta ili nafasi ipatikane.
Maneno kumi na moja ya mwisho nikayapanga hivi:
Truphosa Kageha aliondoka kwa miguu, Jumamosi, tarehe kumi na tisa Agosti.

Asubuhi mhariri kapiga simu:
huyu ni nani, yuko sura ya ngapi?
Sijamjibu bado.
Mama yuko mezani na mkasi, gundi, gazeti la juzi,
anakivisha kitabu kama daftari la shule,
kisichafuke, anasema,
akibana pembe
kwa gumba lile lile.