Mbwana bin Nani

Karani wa mahakama ya mwanzo hakuinua uso.
"Marehemu?"
Kombo bin Mbwana.
"Mbwana bin nani?"
Nikameza mate.

Mtu mzima, miaka hamsini na tatu,
fundi feni na pasi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Najua kila waya ulikotoka na unakokwenda.
Babu yangu sijui alitoka kwa nani.

Shangazi Mwanamize wa Tongoni ana kopo la biskuti.
Ndani yake hamna biskuti tangu uhuru.
Mna cheti cha chanjo ya mbuzi,
mna kipande cha mkonge cha babu
(siku thelathini, alama ishirini na tisa; ile moja hakulipwa),
na daftari la shule, jedwali la kuzidisha mgongoni,
limeandikwa kwa wino wa zambarau:

Mbwana bin Mwinjaka, mkata mkonge, Kigombe.
Mwinjaka bin Heri, mchoma chokaa.
Heri bin Makungu, aliuza chumvi Pangani, akafa kwa ndui.
Makungu bin Shee, hana habari ila deni.
Shee bin, bin, bin,
jina limeshika shati la jina
mpaka ukurasa wa tisa, ambapo herufi zinavimba ghafla:
Sultani wa Mtang'ata, mwenye siwa,
mlaji wa sahani za Kichina.
Jina lake limeliwa na mchwa.
Cheo wamekibakiza.

"Umeona?" akasema shangazi,
akajikohoza kikohozi cha kitini,
akamfuta mjukuu kamasi kwa pindo la kanga.

Usiku nikageuza daftari, nikatumia lile jedwali.
Wazazi wawili. Wazazi wao wanne. Nane. Kumi na sita.
Hatua ya ishirini: watu milioni moja, na chenji.
Mtang'ata nzima ya siku zile, na kuku wake, haifiki huko.
Basi wamehesabiwa mara mbili, mara mia, wamelaliana kama ukili.
Basi huyo sultani ni babu yangu,
ni babu wa Mwajabu wa viazi karai,
ni babu wa kijana aliyeniibia koleo,
na karani naye, akijikuna vizuri, atamkuta.
Ufalme wa watu wote.
Nikacheka peke yangu, taa ikawaka bure.

Ila ukurasa wa sita ulikwaruza kidole.

Waya uliokatika hautafuti kwa jicho.
Unaupapasa.
Hapa wembe umepita, taratibu, wa mtu mwenye adabu,
ukachuna mstari mmoja, ukaacha karatasi ikipumua.
Nikauinua kwenye balbu.
Wino ulikuwa umezama kuliko wembe:

mamake Faida, Mnyasa, alinunuliwa

Basi. Hakuna nukta.
Kurasa tisa za wanaume, na mwanamke mmoja, naye kachunwa.
Faida. Mama hampi mwana jina hilo.
Ni jina analotoa mtu mwenye mizani mkononi.

Asubuhi nikapita makaburini, kwenye nguzo za mawe.
Sahani zimeng'olewa zamani,
yamebaki mashimo ya mviringo, moja juu ya moja,
kama ukuta uliopigwa busu na kinywa kikubwa.
Watu husimama pale wakauliza nani alikula.
Mimi nilisimama nikauliza nani aliosha.

Karani alinipa nafasi ya majina matatu.
Nikamwambia kuna la nne, la mwanamke.
"Fomu haina mahali pake," akasema, wala hakuwa mbaya,
alikuwa na njaa tu, saa saba ilishapita.

Nyumba ikagawiwa warithi kumi na mmoja.
Fungu langu, ukilipima, ni dirisha na nusu ya kizingiti.
Nikaliuza kwa dada, nikanunua bati na rangi ya zambarau.

Sasa juu ya banda langu pameandikwa FAIDA,
herufi zimevimba, zinaonekana toka barabara ya kumi na moja.
Wateja wananitania: fundi, umeanza tamaa.
Nawaambia leteni pasi.