Kidude cha Rangi ya Chungwa

Tampere, chini ya duka la dobi,
Raili anakanyaga kidude
kisichozidi kipande cha sabuni.
Gitaa la besi, lililozoea kunong'ona nyuma ya wenzake,
linakohoa,
linatamka neno ambalo mama yake
hakuliruhusu mezani.

Anazungusha kitufe: nyuki ndani ya debe.
Anakirudisha kidogo: trekta la babu, asubuhi ya barafu,
likikataa, likikataa,
likakubali.

"Punguza," anasema Jorma, kijiti cha ngoma nyuma ya sikio.
"Noti zimepotea."
Hazijapotea. Zimevaa makoti.

Juu, pasi zimenyamaza.
Kisigino kinagonga sakafu mara moja.
Raili anauondoa mguu nusu, anangoja matusi.
Kinagonga tena.
Na tena,
kikifuata mdundo.