Mita Thelathini

Kijana wa serikali alikuja na futi ya chuma
na kopo la rangi nyekundu.
Akasimama ukingoni, viatu vikizama kwenye matope ya Gikomba,
akamwuliza mwenzake, "Tuanze kupima wapi?"
Mwenzake akautazama mto.
Mto ulikuwa umehama tangu Aprili,
umekula choo cha Nzilani, umekula nusu ya banda la Okinda,
na bado ulikuwa unatafuna.

Mimi niko barazani, namenya vitunguu.
Sikuwaambia kitu.

Nyanya yangu, Sauda binti Feruzi, alizaliwa Pangani.
Si hii ya maghorofa na vioo.
Ile ya kale, ya udongo na fito,
mapaa ya madebe ya mafuta ya taa yaliyopondwa yakalala,
mvua ikinyesha kila tone linagonga jina la kampuni.
Vyumba sita, ukumbi katikati,
na mwenye nyumba mwanamke.
Hilo, alisema, ndilo lililowakera:
wanaume wenye kipande shingoni
wakilipa kodi kwa mwenye ufunguo kiunoni.

Siku ya kubomolewa wakaambiwa,
hamieni nyumba za manispaa, ama rudini makwenu.
Makwenu!
Mama yake alizaliwa safarini, kati ya kambi na kambi.
Arudi wapi, kwenye mzigo?
Basi kila mtu na shauri la moyo wake,
na ndiyo maana, alisema, mtaa ule ukaitwa Shauri Moyo.
Wengine wana hadithi nyingine,
na nyanya alidanganya umri wake na bei ya kanga,
kwa hiyo sijui.

Ninachojua ni mlango.
Aliung'oa, akajitwika, akavuka nao mto
maji yakimfika magotini, akaja Majengo kukandika upya.
Na kila masika alituimbishia ubeti wake, tukiwa tumejikunja mkekani:

Mto huu una njaa, haujali mwenye nyumba,
Hula chungu, hula kaa, kisha hwenda ukiimba,
Ukihamishwa mtaa, beba mlango na kamba,
Fito hazitakataa, udongo utazifumba.

Siku hizi mto una rangi ya siku yenyewe.
Jumatatu buluu ya jinzi, Alhamisi povu,
ukipata damu ya mbuzi ujue sikukuu imekaribia.
Saa kumi na moja alfajiri Nzilani anafungua belo kwa tochi ya simu,
kamera zinachukuliwa na wenye maduka kabla ya adhana kuisha,
na jioni kinachobaki anakimwaga chini: fagia, mama, fagia!
Okinda anagonga masanduku ya shule,
ta-ta-ta, mpaka meno yangu yanajibu.
Soko limeungua mara ngapi? Niliacha kuhesabu
mwaka ambao moto na mafuriko vilifuatana
na tukacheka, kwa kuwa vimekosana saa.
Mahamri yangu hayajawahi kukosa mnunuzi,
hata siku ya majivu. Hasa siku ya majivu.

Walipofika kwangu futi ilisoma ishirini na sita.
Kijana akachovya brashi.
Ukuta una nyufa, rangi haishiki,
akatafuta mahali pazuri, akapaka kwenye mlango:
alama ya X, kubwa, mkono wake ukitetemeka kidogo.

"Samahani, mama."
"Ulizaliwa wapi wewe?"
"Pumwani. Hospitalini."
"Basi umepaka kwenu."

Hakujibu. Nikampa mahamri mawili kwenye karatasi,
na pesa nikachukua, biashara ni biashara.

Rangi ilikuwa bado mbichi Okinda alipokuja na bisibisi.
Hakuuliza kitu.
Tukaanza na bawaba ya chini.